Sura ya Saba: Deni Lililofufuliwa Rayners Lane

"Nilisema nitalipa. Basi nilisema."

Balbir Singh aliyatoa maneno hayo kama mtu anayegongomea msumari, akakunja mikono kifuani. Wakili Evodius akaweka kalamu mezani. Himid Shaame, aliyekuwa ameegemea mlango na koti lake bado linachuruzika mvua, akaona kesi inaanza kuwaponyoka kabla haijafika kortini.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la vitambaa, Southall, kule kwa Waingereza, chumba kimoja na nusu. Ile nusu ndiyo ya Himid. Kazi yake kutafuta watu wasiotaka kutafutwa, na kuuliza yale ambayo wakili, kwa adabu zake, hawezi kuyauliza. Shule aliiacha Unguja baada ya kugombana na mwalimu, na maswali aliyokatazwa kule sasa alikuwa analipwa kuyauliza.

"Fundi," Evodius alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha Bukoba, "nisikilize vizuri. Ulifilisika. Mwaka jana korti ikakufungua. Madeni yako ya zamani yote yakafa, la Vijay likiwamo. Na deni lililokufa halifufuki kwa maneno matupu. Hata ungemwambia Vijay 'nitakulipa' mara mia, ukaimba na kucheza ngoma, sheria ya hapa ingesema hayo ni maneno tu."

"Basi mimi iko salama."

"Huko salama. Ukitoa ahadi mpya, na wewe ukatiwa kitu kipya mkononi, hapo deni linainuka kaburini na sanda yake. Vijay anasema alikupa kitu. Sanduku la zana za useremala. Anasema uliahidi, ukazijaribu zana, mkapeana mikono. Shahidi anaye. Sasa, alikupa au hakukupa?"

Balbir akatazama dirishani. Ng'ambo ya mapaa ya nyumba lilionekana pipa kubwa la gesi, limesimama kwenye mvua.

"Nilichukua sanduku."

"La nani?"

Balbir akakirekebisha kilemba chake.

"Fundi, sanduku la nani?"

"Mimi nilitoa neno langu. Hiyo ingine hapana uliza."

Himid akajitenga na mlango. "Kesho ukishindwa unafilisika mara ya pili. Karakana inakwenda. Vile vitanda unavyowachongea waliofukuzwa Uganda vinakwenda, watu walale chini na baridi hii. Na jaji akiona mtu kafilisika mara mbili, hakufungui tena mpaka ndevu zako zifike sakafuni."

"Zimeshafika kifua," Balbir akasema, akainuka. "Hapana mbali."

Akashuka ngazi. Ngazi zote zililia, maana alikuwa mtu mzito.

"Anamficha mtu," Evodius alisema.

"Au kitu. Nipe jina la huyo shahidi. Mie nasema kanunuliwa. Nikimtikisa mpaka jioni atadondoka."

* * *

Stoo ya Vijay ilikuwa nyuma ya maduka, karibu na stesheni ya Rayners Lane. Mchele, dengu, vitunguu, na pilipili za kukufanya upige chafya ukiwa bado barabarani. Vijay alitoka Kampala mapema, na pesa zake, kabla Wahindi hawajafukuzwa Uganda. Sasa wenzake waliokuja na begi moja moja alikuwa akiwakopesha, na kila aliyekopa alimwita kaka.

Shahidi aliitwa Njenga, mpagazi wa stoo. Himid alimkuta kwenye mkahawa wa Mwingereza ng'ambo ya barabara, anakula chipsi zilizolowa siki. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Za kazi, ndugu yangu. Wa Nairobi wewe?"

"Nakuru. Na wewe ukiongea hivyo ni mtu wa Zanzibar. Unataka nini?"

"Natoka kwa wakili wa Balbir."

Njenga akaendelea kutafuna. "Basi nunua chai. Wakili ako na pesa."

Himid akanunua. Kisha akaanza kumtikisa. Siku ya sanduku, Njenga alisimama wapi? Karibu na mzani. Sanduku lilikuwa wapi? Chini ya magunia ya vitunguu, na ni yeye Njenga aliyelitoa, zito kama dhambi. Rangi? Kijani, limechubuka kona, halina kufuli. Himid akarudi nyuma, akauliza lilelile kwa mlango mwingine: hilo sanduku jekundu alilibeba nani?

"Nimekuambia kijani. Wewe husikii ama unanijaribu?"

"Nakujaribu. Balbir alivaa nini?"

"Nguo safi sana. Shati nyeupe, kilemba kipya. Nikashangaa. Mtu anakuja kwa vitunguu amevaa kama bwana harusi."

Himid akapuliza chai yake. Mtu aliyefundishwa uongo hafundishwi mpaka kilemba. Huyu alikuwapo kweli, na sanduku lilitolewa kweli. Safari yote ile, nauli na mvua, alikuwa akifukuza kivuli.

"Sawa," akasema. "Halafu Balbir akaichukua randa, akapiga ubao mara mbili tatu, akaridhika."

Njenga akaacha kutafuna. "Nani amesema?"

"Wewe umesema. Umetia sahihi maelezo aliyoandika bosi wako."

"Randa? Siku hiyo?" Njenga akacheka mpaka mama wa mkahawa akageuka. "Bwana, hiyo ilikuwa siku ya pili ya Diwali. Nakumbuka, usiku wake Waingereza na Wahindi walilipua fataki pamoja, kila mtu na sikukuu yake, sikulala. Siku ya pili ya Diwali Kalasinga fundi hagusi kazi. Hata msumari. Baba yangu alikuwa kwa karakana ya Kalasinga pale Nakuru. Siku hiyo vyombo vyote vinaoshwa, vinapangwa, vinafungwa uzi mwekundu, vinaombewa. Sisi tunapewa jalebi, vile vitamu vyao, tunaambiwa nendeni nyumbani. Mwaka mmoja mtu alishika msumeno akate kuni. Alifukuzwa kazi, na aliambiwa arudi kesho yake afukuzwe tena."

"Kwa nini umetia sahihi kitu ambacho hukukiona?"

"Bosi aliniletea nikiwa juu ya ngazi, gunia begani. Akasema ni yale tu uliona. Nikaona mahali pa jina, nikaandika jina. Wewe hujawahi kubeba gunia juu ya ngazi?"

"Basi uliona nini?"

"Balbir alifungua sanduku, akafunga. Akainama, akagusisha paji la uso hapo juu. Vijay akamwambia, haya, sema sasa. Akasema nitalipa deni la zamani. Nikataka kumsaidia kubeba, akakataa."

"Ndani hakuangalia?"

"Alifungua, akafunga. Mimi nikinunua kiatu cha mtumba naangalia soli."

Himid akakiweka kikombe chini. Seremala hanunui randa bila kupitisha kidole kwenye makali. Hanunui patasi bila kuilenga machoni kama bunduki. Asiyetazama ni yule anayekijua kila kilichomo, pamoja na kilichopungua. Na nani anakwenda kununua zana amevaa nguo za sikukuu, siku ambayo haruhusiwi kuzitumia? Hanunui huyo. Huyo kaenda kuchukua chake, kwa sababu siku ile bila chake haipiti.

"Njenga, kesho utayasema haya kortini?"

"Ndio nifutwe?"

"Ukisema uliyotia sahihi, wakili wangu atakuuliza habari za siku ya pili ya Diwali mbele ya jaji. Utatoka pale mwongo."

"Unanitisha?"

"Ndiyo."

Njenga akachovya chipsi ya mwisho kwenye siki. "Heri wewe umesema wazi. Vijay anatisha akicheka."

* * *

Karakana ya Balbir ilikuwa kibanda cha mabati kando ya reli. Ndani palisimama vitanda vya ghorofa vitatu, vimekamilika bado rangi, na cha nne kikiwa mifupa. Maranda yalifika kwenye vifundo vya miguu. Balbir alikuwa anapiga randa, hakunyanyua kichwa.

Himid alingoja aiweke chini, akaichukua. Mpini wake ulikuwa wa mvule, umeng'aa kwa jasho la miaka. Akaushika. Haukushikika. Kidole cha shahada na cha kati vilitafuta pa kukaa, vikakuta mti umejaa pale ambapo pangekuwa wazi. Akajaribu mkono wa kushoto, pia ukakataa.

Akautazama mkono wa Balbir. Vidole hivyo viwili havikuwapo.

"Vilikwenda wapi?"

"Kisumu. Mashine ya kupasua mbao. Nikachonga mpini mpya, naenda sawa na hii vidole iliyobaki. Rudisha."

Himid akairudisha. Mpini ukaingia kwenye kiganja cha fundi kama ufunguo kwenye kitasa chake.

"Zana zako mwenyewe," Himid alisema. "Vijay alizipataje?"

Balbir akapiga randa mara nne. Himid hakuondoka. Akakaa juu ya kitanda kimoja, akapandisha na miguu.

"Shusha viatu. Kitanda ya watu."

"Nijibu nishushe."

Treni ikapita, mabati yakatetemeka. Ilipokwisha kupita Balbir akaanza kusema, huku akiongea na ubao.

"Siku ile afisa wa serikali ameniita, mfilisi, anauliza nyumba, anauliza saa, anauliza pete ya bibi. Mimi iko huko. Vijay analeta gari hapa. Anasema na mtoto yangu, baba amekubali. Anachukua sanduku. Mimi nikarudi, hapana sanduku. Nikamwambia rudisha. Anasema lipa kwanza. Mwaka mmoja, Diwali inapita, mimi naweka nyundo ya dukani mbele ya Baba Vishwakarma, mlinzi ya mafundi, naona aibu. Mwaka wa pili Vijay anapiga simu. Anasema njoo chukua, kesho siku yenu. Lakini utasema neno kwanza, mbele ya mtu."

"Alingoja siku hiyo makusudi."

"Yeye nakaa na sisi miaka mingi. Anajua siku."

"Na kwa wakili ulinyamaza."

"Babu yangu amekuja kujenga reli na hiyo patasi. Baba amenipa. Mimi, Balbir, nimeacha zana ya babu nalala chini ya vitunguu. Kesho nyuma pale korti watakaa watu wa gurdwara, pale sisi naomba Mungu. Watasikia."

"Kwa hiyo hulindi neno lako, Fundi. Unalinda aibu."

Balbir akageuka. Nyundo ilikuwa karibu na mkono wake, na Himid aliiona, lakini hakunyamaza.

"Sheria ya Waingereza hawa, mtu akifilisika, huchukua hata redio yake. Lakini fundi huachiwa zana za mkono za kazi yake. Serikali haikuruhusiwa kuligusa sanduku lile, sembuse muuza vitunguu. Kakuuzia mali yako, na bei yake ni deni zima. Na wewe unamsaidia kubeba. Ukinyamaza kesho, zana zinakwenda tena kwa Vijay, na safari hii hutaitwa kuzichukua."

"Toka."

Himid akashusha viatu, akatoka.

* * *

Asubuhi, kortini, viti vya nyuma vilijaa vilemba. Balbir alifika na sanduku la kijani begani, akaliweka miguuni, hakumsalimu mtu. Evodius akamtazama Himid. Himid akainua mabega.

Vijay alianza. Suti nzuri, Kiingereza kizuri. Zana alizinunua sokoni, mitumba. Ndugu Balbir alizipenda, akazijaribu palepale kwa kupiga randa, akaahidi kwa hiari yake kulilipa deni la zamani.

Evodius akasimama. "Randa aliishikaje?"

"Kama watu wanavyoshika."

"Tuonyeshe, tafadhali."

Randa ikatolewa sandukuni, ikapelekwa mbele. Vijay akaishika kama mtu anayeshika samaki. Vidole vikapanda juu, vikashuka, vikapanda tena.

"Mimi mfanyabiashara, sio seremala."

"Lete huku," jaji akasema. Mzee wa Kizungu mwenye miwani iliyoteremka puani. Akaijaribu yeye mwenyewe juu ya meza yake, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akaigeuza, akakunja uso. "Hii imetengenezewa mkono gani?"

Akaiweka kando yake. Njenga akaitwa. Wakili wa Vijay akamwuliza kama sahihi ni yake.

"Ni yangu. Nilitia nikiwa juu ya ngazi."

"Uliona zana zikijaribiwa?"

"Hapana. Hiyo siku hata ungemlipa asingejaribu." Akaeleza kwa nini, uzi mwekundu, jalebi na yote. Huko nyuma vilemba vikanong'ona. Vijay alimtazama mpagazi wake akitabasamu, na Njenga naye akamtabasamia, tabasamu la kuagana.

Kisha Balbir akapanda kizimbani, na mkalimani wa lugha ya kwao kando yake. Hapa ndipo Himid alipokaa kwenye ncha ya kiti. Bila mdomo wa fundi, randa ilikuwa kipande cha mti chenye mpini mbaya, na siku ya pili ya Diwali ilikuwa hadithi ya mpagazi.

Wakili wa Vijay alimwahi. "Ulimwahidi mteja wangu kuwa utalipa? Ndiyo au siyo."

"Ndiyo."

"Kwa hiari yako?"

"Niliahidi. Siwezi kusema sikuahidi."

Wakili yule akakaa, karidhika. Vijay akakunja mguu juu ya mguu. Evodius akainuka, na safari hii hakuwa na haraka hata kidogo.

"Alikupa nini, Fundi?"

Balbir akaangalia viti vya nyuma, mstari mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu nani yupo. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameinamia mbele, ameweka mkono sikioni apate kusikia.

"Hakunipa kitu," Balbir alisema, kwa sauti ya kumfikia yule mzee. "Alichukua zana za babu yangu nilipokuwa kwa mfilisi. Akaziweka chini ya vitunguu miaka miwili, na mimi nikakubali zikae huko kwa sababu niliona haya kusema. Siku ya Baba Vishwakarma akaniambia sema utalipa, ndiyo uzichukue. Nikasema. Ahadi ni yangu. Zana pia ni zangu."

Akanyoosha mkono. Jaji akampa randa mwenyewe, hakumngoja karani. Mpini ukazama kwenye kiganja chenye vidole viwili pungufu, na Balbir akaiinua juu, jaji aone, na wale wa nyuma waone vilevile.

Jaji akavua miwani. Hakusema mengi. Mtu hawezi kuuziwa mali yake, akasema, na ahadi iliyonunuliwa kwa mali ya mwahidi haikununuliwa kwa kitu. Deni lilikuwa limekufa, na limebaki hivyo hivyo. Dai limetupwa. Bwana Vijay alipe gharama. Tena angeshauri mtu amweleze mfilisi habari za hilo gari lililokwenda karakanani.

* * *

Nje kwenye korido, wazee wa gurdwara walimzunguka Balbir. Himid alitegemea lawama. Yule mwenye ndevu nyeupe akainama, akagusa sanduku, akaupeleka mkono kwenye paji la uso wake.

Vijay akapita katikati yao. Tabasamu alikuwa nalo bado, limepinda upande mmoja.

"Umeshinda, kaka. Wakili wako hodari. Lakini wewe na mimi tunajua. Ulitoa neno."

"Usimjibu," Evodius alisema. "Fundi, usimjibu na usimlipe hata senti. Huna deni."

"Sikiliza wakili wako," Vijay akasema. "Zamani neno la Balbir lilikuwa kama benki. Sasa linauliza sheria kwanza."

Himid akapiga hatua mbele, ngumi tayari. Balbir akamrudisha nyuma kwa mkono mmoja, ule wenye vidole vitatu.

"Wakili, sheria imetoa kamba shingoni. Asante. Lakini shingo ni yangu," akasema. Akamgeukia Vijay, na Kiswahili chake cha Kisumu kikajaza korido yote mpaka makarani wakatoa vichwa milangoni. "Nitalipa. Pesa ya mbao nilikukopa kweli, na pesa nitalipa. Hapana kwa sababu wewe nalazimisha. Hapana kwa sababu korti. Kwanza nalipa yule ya misumari, hakunidai hata siku moja. Halafu ya maziwa, maskini, amekuja tu kuuliza hali ya bibi. Halafu kila mtu alinipa salamu wakati nimefilisika. Wewe mwisho. Na pesa yako hapana kuja kwako. Wewe utakuja karakana yangu, mbele ya watu yangu ya kazi, utavua viatu mlangoni, utaingia, utasema namaste kwa zana. Ndiyo utalipwa."

Evodius akashika kichwa. "Fundi, tumetoka kushinda sasa hivi."

"Ndiyo. Tumeshinda. Kwa hiyo mimi nasema masharti."

Njenga, aliyekuwa anafunga vifungo vya koti lake karibu na mlango, akauliza kama kule karakanani kuna kazi. Balbir akamwambia achukue upande mmoja wa sanduku. Wakalinyanyua wawili, wakaelekea ngazini.

"Lini?" Vijay aliita kutoka juu. Tabasamu sasa halikuwapo. "Balbir. Lini?"

Balbir na Njenga walikuwa wameshashuka ngazi nusu, wanabishana ni basi gani litakubali kupakia sanduku.